Lori la Kumpelekea Mama Mkwe Sukari

Jumatatu, 4 Agosti

Tarehe imetoka. Jumamosi ya kumi na sita tunaenda kwa kina Roseline, Mbita, kujitambulisha rasmi. Ameniambia leo mchana kazini kwake, duka la dawa, huku anamfungia mteja vidonge, kama mtu anayetaja habari ya mvua.

Baba yake alishafariki, na baba zake wadogo Roseline anasema ni watu wa kucheka. Shida ni mama. Mwaka juzi mwalimu mmoja wa Rongo alinitangulia kuja kumposa. Ana shahada. Ana tai. Katikati ya mazungumzo taa ya sebuleni ikazimika, mwalimu akauliza kama kuna fundi karibu wa kubadilisha balbu. Mama akasema mkutano umeisha. Mama anataka mtu mwenye mikono, Roseline anasema. Halafu akaongeza polepole kwamba safari hii mama akikataa, basi, yeye hana nguvu ya kubishana naye tena. Nilisikia vizuri sana.

Mikono ninayo! Miaka sita nafungua redio na simu hapa Migori mjini. Lakini nitamwonyeshaje? Wajaluo, kina Roseline, na sisi Wakurya tunabishana kwa mengi, hapa tunakubaliana: mama mkwe hasogelewi. Humpi mkono, huli mbele yake, humtazami usoni, ukimwona njiani unapinda. Sasa mtu usiyeruhusiwa kumkaribia utamwonyesha mikono kwa njia gani?

Hapo akili yangu ikafanya kazi. Lori!

Ninalo lori la kuchezea la rimoti, urefu wa mwanambuzi, nililolipata kwenye mnada wa wachimba dhahabu waliofunga kambi. Litavuka uwanja peke yake limebeba leso ya kujifunga na kilo mbili za sukari, litasimama miguuni pa mama mkwe. Mimi nimesimama mbali kwa adabu. Heshima imekaa, ufundi umeonekana. Nani kama Magige?

Kasoro moja ndogo. Injini yake inakunywa mafuta ya spiriti ambayo Migori hayapo. Nimejaza chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji. Ikanguruma mara moja, ikatoa moshi wa buluu, ikakwama mpaka kiama. Bravin, mwenye duka la simu mkabala na langu, mtu wa maneno mengi na kazi kidogo, alivuka barabara ili tu aseme sasa litafaa kutagia kuku.

Atajua hajui. Nang'oa injini, natia umeme. Mota isiyo na brashi! Nimeuza spika yangu kubwa na kuagiza mota Nairobi, na kontrola yake.

Roseline amenionyesha picha ya mama. Kofia ya kanisa pana kama paa, chini yake kivuli. Anasema mama hufanya kazi ya taa ufukweni. Atakuwa anauza mafuta ya taa. Sikuuliza zaidi, nilikuwa nafikiria lori.

Jumatano, 6 Agosti

Mzigo umefika. Ghai, hii mota! Nimekaa nayo mkononi nusu saa bila kufungua duka. Nzito, imetulia, waya tatu tu. Ndani hakuna kinachosuguana na kingine. Hakuna makaa ya kuisha wala cheche. Sumaku inazunguka yenyewe, kontrola ikiivuta kwa zamu. Aliyefikiria kitu hiki alikuwa mtu wa heshima.

Nimetoa injini, tangi, bomba la moshi, takataka zote. Bamba la kushikilia mota nimelikata kwenye kifuniko cha sufuria ya mke wa Baba Mdogo Mogire. Anakiulizia. Nimemwambia siku hizi mjini wezi wamezidi.

Saa nane, majaribio. Nikabonyeza kwenda mbele. Likaenda nyuma! Likanipita kati ya miguu, likaingia kwa Bravin.

Nikafikiri. Waya zimekosewa. Nikahamisha zote tatu: wa kwanza kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, wa tatu kwa wa kwanza. Kazi ya makini. Likaenda nyuma vilevile. Nikazihamisha tena zote. Nyuma! Bravin akasema wakwe watalipenda, kwa kuwa tukifukuzwa litakuwa tayari linaelekea nyumbani. Watu wa stendi walicheka, na mmoja wao ana deni la kasha la simu kwangu.

Halafu betri. Niliitoa kwenye taa ya wavuvi wa omena, dagaa wa ziwani, niliyopewa na mama muuza samaki anayetoka Homa Bay. Ilivimba kama andazi. Muuza samaki mwenyewe ndiye aliyenifokea niitupe kwenye ndoo ya mchanga. Akasema mtu wa betri ziwa zima ni mmoja, Nyar Rangwe wa Mbita, anayechaji taa za omena, na kwamba wanaume wenye boti zao humwamkia wakiwa wamevua kofia.

Nitaenda. Roseline nimemwambia naenda Kehancha kumwona shangazi. Nataka ashangae siku yenyewe.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwona fundi. Mimi hapa, Magige, sijui kumsifu mtu, na leo nasifu.

Banda la mabati karibu na maji. Nje omena zimeanikwa kwenye nyavu, ndani taa mia na zaidi zimepangwa zikinywa moto wa jua. Nilitarajia mzee wa kiume. Nikakuta mama mwenye ovaroli ya bluu, gambuti, tochi kwenye paji la uso, na miwani minene ya kukuzia vitu ambayo haivui. Huku mwanamke huitwa kwa kule alikozaliwa, na yeye kazaliwa Rangwe, basi Nyar Rangwe. Jina lake la ubatizo silijui, na mtu wa namna hii unamuulizaje jina?

Akatazama waya. Akauliza nani amefanya hivi. Nikasema kuna kijana mmoja pale Migori. Akasema pole yake.

Akabadilisha waya mbili. Mbili tu! Wa tatu hakuugusa. Lori likaenda mbele.

"Ukihamisha zote tatu umezunguka tu, umerudi ulikotoka," akasema. "Badilisha mbili, moja iache."

Siku mbili nimehangaika, yeye sekunde kumi.

Halafu akasikia gia zikilia. Nilikuwa nimezibana mota hadi mwisho, nikidhani kubana ndiko uimara. Akachana ukanda wa karatasi kwenye daftari la shule, akaupitisha katikati ya gia mbili, akasukuma mota hadi iguse, akakaza skrubu, akazungusha gurudumu. Ukanda ukatoka upande wa pili umekunjika meno meno, haujachanika. Nafasi iliyobaki ndiyo hiyohiyo unene wa karatasi. Kelele kwisha. Nimeomba ule ukanda nibaki nao. Ameniangalia kama mtu mgonjwa lakini amenipa.

Kuhusu betri alisema seli ya taa inatoa umeme kijiko kwa kijiko, na lori langu linataka kunywa kwa sufuria. Anazo seli za pikipiki za umeme, atazipima moja moja hadi Jumatatu. Hapimi kwa kukisia, anaandika kila moja.

Tumekula ngege, samaki wa ziwani, na ugali kwenye sahani moja, bega kwa bega, huku tunagombana juu ya risasi ipi nzuri ya kulehemu. Nikamwambia yake ni ya zamani. Akanigonga kidole na kijiko. Wakati wa kuondoka tumeshikana mikono kwa nguvu. Kwa miaka yangu yote ya ufundi sijawahi kuwa na siku nzuri namna hii.

Jumatatu, 11 Agosti

Nyar Rangwe amebadilika. Sijui nimekosea wapi.

Asubuhi ilikuwa raha tupu. Kreti yangu ya soda ya kukalia iko palepale, kando ya stuli yake. Tukawa tunalehemu seli, nikaona nimweleze mpango wangu, maana mtu akikusaidia hivyo ajue anasaidia nini. Nikamwambia kuna mama mmoja wa hapahapa Mbita, muuza mafuta ya taa, mkali kama pilipili ya Kichina, alimfukuza mwalimu wa watu kwa sababu ya balbu. Nikamwambia kuhusu kofia. Nilichora hewani ukubwa wake. Alicheka hadi akashika meza.

Akauliza binti wa huyo mama anaitwa nani. Nikasema Roseline, yuko duka la dawa Migori.

Kifaa cha kulehemu kikasimama hewani. Akakirudisha kwenye kishikio chake. Akainuka, akabeba stuli yake, akaenda kukaa upande wa pili wa meza, nyuma ya safu ya taa. Nikauliza kama ni mgongo. Akasema ndiyo, mgongo.

Chakula cha mchana kililetwa sahani mbili. Yangu nikaambiwa nikale nje. Nimekula na mabata wawili. Wakati wa kuondoka nikanyoosha mkono, naye akawa ghafla ana kazi ya kuokota skrubu chini.

Na maswali! Kutoka nyuma ya taa, saa mbili nzima. Kama nakunywa. Nikasema chang'aa ninayoijua ni ile niliyotia kwenye injini. Kama Roseline akitoka kazini amechelewa nani anapika. Nikasema mimi napika, sema tu sufuria moja nyumbani haina kifuniko. Mwisho akauliza yule kijana wa Migori aliyeharibu waya ni nani hasa.

Sijui kwa nini, nikasema ni mimi.

Akakohoa kwa muda mrefu. Vumbi la omena hilo.

Jumatano, 13 Agosti

Leo hakugusa kitu hata kimoja. Anakaa nyuma ya taa zake, anaelekeza kwa sauti, mimi nafanya. Nimelehemu plagi ya betri, ile ya njano, mara nne. Ya kwanza akasema inameta upande mmoja. Anaonaje kutoka kule? Ya pili baridi. Ya tatu nzuri kidogo. Ya nne akanyamaza, na kwake kunyamaza ni cheti.

Halafu kuifundisha kontrola. Sikujua kama hufundishwa! Unawasha ukiwa umevuta kitufe cha rimoti hadi mwisho, unasubiri mlio, unakisukuma hadi mwisho wa nyuma, mlio, unakiachia, mlio. Sasa inajua mkono wako ulivyo. Siku zote nilikuwa naiamuru kwa lugha isiyoijua, maskini.

Tukalitoa nje. Haki ya Mungu, sijawahi kuona! Lilipita kando ya nyavu za omena, kokoto zinaruka, mota inaimba sauti moja safi. Wavuvi walioamka saa hiyo wakasimama mlangoni na miswaki. Nilitaka kupiga magoti.

Yeye akaniambia nizungushe kile kifundo kidogo cha rimoti kinachopunguza nguvu, niache robo. Akanirushia utepe wa gundi juu ya taa, nikakibandika kisisogee.

"Kwa mama mkwe unaenda robo," akasema. "Zaidi ya hapo umemtangazia vita."

Halafu akauliza nitafanyaje huyo mama akinikataa. Nilitaka kusema jambo la werevu. Nikajikuta nasema nitalia kwanza, maana Roseline sina wa kumlinganisha naye, halafu nitakuja hapa nijifunze betri mpaka yeye Nyar Rangwe achoke kuniona. Ilikuwa kweli tupu. Nilijishangaa.

Alizima tochi ya kichwani, akaiwasha, akaizima. Nikaondoka bila mkono tena. Mgongo huo aende hospitali.

Ijumaa, 15 Agosti

Kila kitu tayari. Suruali imepigwa pasi. Leso imekunjwa. Sukari ni ya hapahapa kwetu, mpya.

Nimelijaribu lori mbele ya duka kwa robo. Likatembea taratibu, limetulia, vizuri kabisa. Bravin akauliza kama limebeba jeneza.

Nilingoja aondoke, nikabandua ile gundi. Robo ni ushauri wa watu wa kawaida. Nyar Rangwe ni fundi wa ajabu lakini hanijui nikiwa kwenye hali yangu. Nimeweka yote.

Bravin anakuja nasi kesho. Si kwa upendo, simu yake ina kamera nzuri.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa Homa Bay, tumeshuka kubadilisha gari.

Tulifika saa tano. Baba Mdogo Mogire, msemaji wetu, alisalimu vizuri. Baba wadogo wa Roseline walicheka kweli. Tukakaa upande mmoja wa uwanja kwenye viti vya plastiki. Upande wa pili, mlangoni pa nyumba, kofia. Pana kama paa, imeinama, mikono juu ya magoti. Nikatazama chini kwa adabu.

Baba Mdogo akatangaza kwamba kijana wetu ana salamu kwa mama, na kwa kuwa hawezi kumsogelea, salamu zitajipeleka zenyewe. Minong'ono ikapita. Roseline akanitazama, macho yanauliza shangazi wa Kehancha ameingiaje hapa. Nikatoa lori chini ya kitambaa. Makofi! Nikagusa kitufe kidogo tu, likaanza kuvuka uwanja, leso juu, sukari juu. Ulikuwa mwendo wa kifalme.

Kofia ikainuka ili ione kinachokuja.

Chini ya kofia alikuwa Nyar Rangwe.

Ngege. Sahani moja. Bega kwa bega. Nimemshika mkono mara ngapi? Nimemwambia mama mkwe wangu kuhusu kofia ya mama mkwe wangu! Mwili wangu ukafanya ulichofundishwa tangu utotoni. Nikageuka nikampa mgongo, nikafunika uso kwa kiwiko. Na kidole, kwa hofu, kikavuta kitufe hadi mwisho.

Yote.

Sikuona. Siruhusiwi kuona! Nilisikia tu. Ule wimbo wa mota ukapanda, viti vikaanguka, kuku, mtoto akacheka, Baba Mdogo akataja jina la marehemu babu. Bravin akawa anapiga kelele kulia, kulia! Lakini yeye anatazama kule na mimi nimetazama huku, kulia kwake ni kushoto kwangu, kila alichosema nilikifanya kinyume. Sukari ikaninyeshea kisogoni. Kuachia kitufe hakukunijia kabisa. Kidole hakikuwa changu.

Likagonga meza ya soda na kupinduka. Mota ikiwa haina mzigo ililia kama king'ora, matairi yakavimba kwa kuzunguka, watu wakakimbilia nyuma ya choo.

Kisha nikasikia hatua. Za taratibu, za mtu asiye na haraka hata kidogo. Plagi ikachomolewa, tak. Mota ikazima.

"Mwambieni mgeni wenu," ile sauti ya nyuma ya taa ikasema, "nilisema robo."

Wazee wakaingia ndani. Sisi tukabaki nje. Nimetazama ukuta wa choo saa nzima, sukari inanata shingoni, nikijua kabisa kwamba nimempoteza Roseline kwa robo tatu za nguvu nisizozihitaji. Kisha Baba Mdogo akatoka, akasema twende, jibu litaletwa. Lori limebaki kule.

Jumapili, 17 Agosti

Roseline amerudi Migori jioni hii. Alisimama mlangoni pa duka, uso hausomeki. Nikamwomba aseme haraka.

Mama alijua tangu Jumatatu. Alhamisi akampigia Roseline simu, akamwapisha asinidokeze, kumbe jana alinitazama vile akijua yote. Jana ndani ya nyumba baba zake wadogo wote walitaka nikataliwe, mmoja wao anachechemea. Mama akawaacha wamalize. Kisha akasema yule mwalimu balbu moja ilimshinda kuifikia, lakini huyu Mkurya ameharibu kitu kimoja mara sita, na mara zote amekirudia. Akasema:

"Ataharibu vitu nyumbani kwake, hilo nawaambia mapema. Lakini anarudi."

Amekubali! Amekubali, amekubali! Nimembeba Roseline, nimemzungusha, tumeangusha rafu ya redio. Bravin alikuja kuona kuna nini, nikamkumbatia hata yeye. Ile video ameituma kila mahali, nasikia hadi Rongo wanacheka. Wacheke.

Roseline alipoondoka nikakaa. Nikaanza kufikiria zile seli nyingine ambazo hatukumaliza kupima, nikapanga Jumatano niende Mbita.

Siwezi.

Sasa ni mama mkwe. Ile kreti ya soda imekwisha. Sitakaa tena kando ya ile stuli, wala kugombana juu ya risasi, wala kugongwa kidole na kijiko. Nikimwona njiani nitapinda. Nimepata mke, na ninafurahi mpaka nakosa pumzi. Lakini fundi wangu nimempoteza siku ileile, na hakuna ofisi ya kupeleka malalamiko.

Alhamisi, 21 Agosti

Roseline alikwenda kwao, amerudi na lori. Nimelifungua mezani.

Ekseli iliyopinda imenyooshwa. Plagi ya njano imelehemiwa upya, inameta pande zote. Bamba la kifuniko cha sufuria limeondolewa, limewekwa la alumini nene lililokatwa vizuri ajabu, na kifuniko kipya kizima kimefungwa pembeni kwa kamba, cha kumrudishia mke wa Baba Mdogo. Anajua kila kitu, yule mama. Kwenye gia palikuwa na ukanda wa karatasi, meno meno, haujachanika. Kwenye kifundo cha rimoti gundi mpya, tabaka tatu. Juu ya gundi, kwa kalamu: ROBO.

Nimeweka ule ukanda humu, pamoja na wa kwanza. Nimeutazama muda mrefu.

Basi nimefikiria. Mimi kwenda kwake siwezi, na yeye kuja kwangu hawezi. Lori linaweza. Likiharibika litakwenda Mbita, na likienda Mbita litarudi na karatasi.

Lakini kwa robo haliharibiki kamwe. Nimelijaribu asubuhi nzima.

Nimebandua gundi, tabaka zote tatu. Kesho Bravin anashika kamera, nalirusha juu ya mtaro wa stendi. Nimeweka yote.